Mkono wa Bilula: Habari za Maji na Mapambo katika Unguja

Wasomaji wengine watashangaa kuona kwamba tumechagua kuandika habari za kitu kidogo sana, nacho ni kile kishikio kilicho juu ya bilula, kizungushwacho na mkono wa mtu apate maji. Watu hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita na mikataba tu. Lakini mfalme naye hunywa maji, na askari naye huoga. Na kitu kinachoguswa na mikono ya watu wote asubuhi na jioni hakikosi kuwa na habari zake. Tena tukikitazama vizuri twaona kwamba fundi hakukiacha kitupu. Pengine alikitia mikono minne kama nyota. Pengine alikichonga kama ua. Pengine alikitia katikati kipande cheupe cha kauri chenye herufi. Kwa nini alijisumbua hivyo, na maji hayaongezeki utamu kwa sababu ya pambo? Hilo ndilo swali tutakalojaribu kulijibu, na tutalijibu hasa kwa habari za kisiwa cha Unguja, maana katika pwani yetu ni shida kupata mji uliosifiwa kwa nakshi kuupita ule.

Tuanze na jina. Kitu hiki kina majina mengi katika Kiswahili. Vitabu vya maneno hukiita bilula. Watu wengi wa bara husema bomba, ijapokuwa bomba hasa ni ule mwanzi wa chuma upitishao maji. Mafundi husema koki, neno walilolitwaa katika Kiingereza. Lakini wenyeji wa Unguja na wa Mombasa husema mfereji, na mwanamke asemapo kwamba aenda mferejini, maana yake aenda kuteka maji penye bilula. Nasi sote twajua kwamba mfereji kwa asili ni njia iliyochimbwa maji yapite. Basi jina hili latukumbusha jambo ambalo majina mengine yalisahau, yaani kwamba nyuma ya ile shaba ndogo iko njia ndefu, na nyuma ya njia yuko mtu aliyeamuru ichimbwe, na wako watu walioichimba.

Kabla ya bilula kulikuwa na kata. Kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu wa mti, nacho chatumika kwa kuteka maji katika mtungi au balasi. Tukiuliza mpini ule ni wa nini, jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mkono wa mtu ni mfupi, haufiki chini ya balasi. Pili, mkono wa mtu haufai kuingia katika maji ya kunywa, maana huyachafua. Basi mpini walinda maji na mkono. Lakini mpini laini huteleza ukilowa, kwa hiyo mchongaji huutia mikato midogo, na kwa kuwa ameshika kisu mkononi, mikato ile huipanga kwa mistari na vipembe mpaka ikawa nakshi. Hapo twaona asili ya pambo la namna hii. Lilianza kwa kufaa, likaishia kwa kupendeza.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tuone wenzetu walifanyaje. Waingereza na Wajerumani, kila mmoja kwa lugha yake, waliipa bilula jina la jogoo. Waholanzi waliiita korongo. Wafaransa nao huiita robinet, yaani Robin mdogo, na Robin ni jina la utani walilompa kondoo zamani, kwa sababu midomo ya maji katika miji yao mara nyingi ilifanyizwa kwa sura ya kichwa cha kondoo. Watu hawa hawakushauriana, lakini wote walipokitazama kile chombo chenye mdomo ulioinama na kishungi juu yake waliona mnyama au ndege. Basi pambo na jina vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Bilula za zamani, tangu enzi za Warumi, zilikuwa na kizibo cha shaba kilichotobolewa tundu ubavuni mpaka upande wa pili. Mtu akikigeuza kidogo, tundu hulingana na bomba na maji hupita. Akikigeuza tena, hufungika. Ufundi huu ulifaa katika mapipa na katika maji yaendayo polepole. Lakini miji ya Ulaya ilipoanza kupeleka maji kwa nguvu katika mabomba ya chuma, kizibo kile kilikuwa chafunga maji kwa ghafula, na bomba likagonga kama limepigwa nyundo. Mwaka 1845 kiwanda cha Guest and Chrimes, katika mji wa Rotherham, Uingereza, kilileta bilula ya namna nyingine. Ndani yake mna parafujo, na chini ya parafujo pana kipande cha ngozi. Mtu azungushapo kishikio, parafujo hushuka, na ngozi hukalia tundu la maji polepole mpaka likazibika. Bilula nyingi tunazozijua vijijini ni watoto wa bilula hiyo, ingawa siku hizi mahali pa ngozi pametiwa mpira.

Mabadiliko haya ya ndani yaliubadili na mkono wa nje. Zamani mtu aligeuza mara moja tu, na kipande kimoja cha shaba kilimtosha. Sasa ilimpasa azungushe mara mbili tatu, na pengine vidole vyake vimejaa sabuni. Ndipo ikatokea mikono minne yenye sura ya msalaba, ili kidole kikiacha mkono mmoja kipate mwingine. Wengine walifanya gurudumu dogo, wengine wakalichonga gurudumu ukingoni mwake kama majani ya ua, ili vidole vipate pa kukaa. Mtu akitazama husema ni urembo, naye asema kweli. Lakini kila bonde la ua lile ni kitanda cha kidole. Na shaba yenyewe ilichaguliwa kwa sababu haili kutu upesi kama chuma, tena hung'aa ikisuguliwa.

Kisha nyumba za matajiri zikapata bilula mbili pamoja, moja ya maji ya moto na moja ya baridi, na mafundi wakaona haja ya kuzipambanua. Wakatia katikati ya kishikio kipande cha kauri chenye herufi. Hapo palitokea jambo la kuchekesha. Herufi C kwa Mwingereza ni mwanzo wa neno la baridi, na kwa Mfaransa herufi hiyo hiyo ni mwanzo wa neno la moto. Basi mgeni asiyejua lugha ya nyumba aweza kujichoma kwa kusoma vizuri! Ndiyo maana mafundi wengi waliongeza rangi, nyekundu kwa moto na buluu kwa baridi, ili hata asiyejua kusoma asidhurike. Pambo limsaidialo mgeni ni adabu, wala si anasa tu.

Sasa turudi Unguja. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa na jumba lake Mtoni, kaskazini ya mji, na jina la mahali lasema wazi sababu ya kupachagua, maana mto ulipita hapo. Binti yake Seyyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani, aliandika habari za jumba lile katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886, na miongoni mwa mambo aliyoyakumbuka ni yale mabafu ya watu wa nyumba. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga bafu jingine Kidichi, mahali palipoinuka katikati ya mashamba ya karafuu, kwa ajili ya mke wake aliyetoka Uajemi, mjukuu wa mfalme Fath Ali Shah. Kuta zake zilitiwa chokaa iliyochongwa kwa ufundi wa Kiajemi, ndege na maua na mitende. Watu wengi wa Unguja hawakuwa na desturi ya kuchora viumbe vyenye roho, kwa hiyo ndege wale walikuwa dalili kwamba nyumba ile ni ya mgeni aliyeheshimiwa sana. Kuba zake zingali zimesimama, na watu huenda kuzitazama.

Twakubali kwamba kazi ile ni nzuri. Lakini yatupasa kuuliza swali la pili: wakati ule, watu wengine wa kisiwa walipata maji kwa njia gani? Mashamba yale ya karafuu yalilimwa na watumwa. Katika mji maji yalitoka visimani, na vingi vya visima vile vilikuwa karibu na makaburi na uchafu wa nyumba, tena karibu na bahari, maji yakawa na chumvi. Maji mazuri yaliletwa kutoka mbali juu ya vichwa vya watumwa na mahamali na wanawake. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 alilaumu sana uvundo wa mji. Basi siku hizo pambo la maji lilikuwa la mtu mmoja, na mzigo wa maji ulikuwa wa watu elfu.

Tena maji mabaya hayambagui mtu. Kipindupindu kilikuja Unguja mara nyingi katika karne ile, na mara ya kutisha kupita zote ilikuwa miaka ya 1869 na 1870, watu wakafa kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwako mjini, aliandika kitabu juu ya tauni hiyo, kikapigwa chapa mwaka 1876. Na hapa hatuna budi kutaja kishikio kimoja cha London ambacho habari zake zimesimuliwa duniani mwote. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, wakafa watu zaidi ya 600 katika majuma machache. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila marehemu aliteka maji wapi, akaona kwamba wengi waliteka katika pampu moja ya Broad Street. Akawaeleza wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 Septemba kishikio cha pampu ile kiliondolewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, lakini jambo lile liliwafundisha watu polepole kwamba kipindupindu hupita katika maji, wala hakitokani na upepo mbaya kama walivyodhani. Leo katika mtaa ule imesimamishwa pampu isiyo na kishikio, iwe ukumbusho. Basi kishikio kinachosifiwa kupita vyote hakikusifiwa kwa nakshi yake. Chasifiwa kwa kuwa mtu mmoja alijua wakati wa kukiondoa.

Katika habari za Unguja anaingia sasa Seyyid Barghash bin Said. Mwaka 1859 alishindana na ndugu yake Seyyid Majid juu ya ufalme, akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko mpaka mwaka 1861. Na mwaka 1860, yeye akiwa bado mjini Bombay, kazi ya maji ya ziwa la Vihar ilimalizika, na mji ule mkubwa ukaanza kupata maji ya bomba kutoka mbali. Aliyefungiwa ugenini aliyaona mambo ambayo waliobaki nyumbani hawakuyaona. Aliporithi ufalme mwaka 1870, tauni ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Katika enzi yake, iliyokwisha kwa kufa kwake mwaka 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi ya mahali paitwapo Chemchem, nje ya mji, kwa mfereji na mabomba ya chuma, watu wakapata maji safi bila kulipa.

Seyyid Barghash hakuwa adui wa mapambo. Yeye ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lenye milango iliyochongwa maandiko, na jumba la Marhubi lenye mabafu na mabirika, ambalo liliungua mwaka 1899. Tena alijenga mjini bafu la watu wote, kazi ya fundi Haji Gulamhussein wa Uajemi, na mtaa ule ukapata jina la Hamamni mpaka leo. Tulinganishe basi bafu la Kidichi na bafu la Hamamni. Yote mawili ni ufundi wa Kiajemi. Lakini la kwanza lilikuwa la mke wa mfalme na jamaa zake, na la pili mtu wa mjini aliweza kuingia akitoa malipo. Na penye mfereji wa Chemchem hata asiye na kitu aliteka. Hivyo katika muda wa maisha ya baba na mwana maji yalitoka katika jumba yakaenda njiani. Hatusemi kwamba dhuluma ilikwisha siku hiyo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Unguja mpaka mwaka 1897. Lakini kila bilula iliyofunguliwa mjini ilipunguza mitungi iliyobebwa kichwani.

Mtu akitembea katika Mji Mkongwe wa Unguja ataona kwamba mafundi wake walipenda kuweka pambo mahali paguswapo na mkono: mlango, pete ya mlango, kitasa cha kasha, mkono wa birika la kahawa. Milangoni walichonga maua, minyororo, mitende, na magamba ya samaki. Na vile vifundo vikubwa vya shaba vilivyochongoka twaambiwa vilianza Bara Hindi, vikiwazuia tembo wasiivunje milango kwa vichwa vyao. Unguja hakuna tembo, lakini vifundo vilibaki, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kuvizoea. Ndivyo ilivyo na bilula pia. Siku hizi ziko bilula za mkono mmoja wa kuinua, hazina haja ya mikono minne. Hata hivyo watu wengi huchagua ile ya msalaba au ya ua, kwa kuwa ndiyo iliyowapa maji walipokuwa watoto. Pambo ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha.

Lakini wahenga walituonya waliposema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bilula ing'aayo yaweza kuvuja usiku kucha. Na ivujapo, wengi hukaza kishikio kwa nguvu zote, wengine hata kwa kipande cha chuma, mpaka mkono ukakatika. Wao waupigania mkono, na ugonjwa u ndani, maana kile kipande cha ngozi au cha mpira kimelika. Dawa yake ni kufunga maji, kuifungua bilula, na kutia kipande kipya chenye bei ndogo. Jumba la Beit al-Ajaib lilisifiwa duniani, na mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia; lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka. Nakshi za milango hazikuweza kuzishika dari. Kitu kisichotunzwa ndani hakiokolewi na pambo la nje.

Liko na neno jingine, nalo latuhusu sisi wa vijijini hasa. Katika vijiji vingine msimamizi wa bilula ya watu wote huondoa kishikio chake jioni, akaenda nacho nyumbani. Pengine afanya vema, maana watoto huchezea maji na wageni huacha yakimwagika. Lakini yatupasa kujua kwamba mtu yule hakuchukua kipande cha shaba tu. Amechukua maji ya kijiji, ameyatia mfukoni. Akichelewa asubuhi, wanafunzi wachelewa shule. Akimchukia jirani, jirani alala na kiu. Mfalme wa zamani alionyesha uwezo wake juu ya maji kwa kuchora ndege ukutani. Mtu huyu aonyesha wake kwa ufunguo mfukoni. Jambo ni lile lile.

Basi swali tuliloanza nalo twaweza kulijibu sasa. Fundi alikipamba kishikio kwa sababu mkono wa mtu wastahili heshima: usiteleze, usiungue, usikose pa kushika. Hiyo ndiyo nakshi ya kweli, na kila nakshi nyingine ni nyongeza yake. Tuchaguapo bilula kwa shule au kwa kijiji, tusianze kwa kuuliza kama yang'aa. Tuulize kama mzee mwenye vidole vilivyokakamaa aweza kuifungua. Kama mtoto mwenye ndoo aifikia. Kama kipande cha mpira cha kuirekebisha chapatikana dukani. Na kama yule atakayekitunza kishikio chake amechaguliwa na watu, tena aweza kuulizwa nao. Tukiyapata hayo, na tupake rangi, na tuchonge maua tupendavyo. Kidichi kuna maua mazuri yasiyotoa maji tena. Ua zuri kuliko yale ni lile la shaba lililolika kwa vidole vya watu wengi, na likizungushwa, maji yatoka.